Ugaidi ukifika katika chumba cha tabibu Mikinduri

Abdirahim Abdullahi alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2013. Baba yake alikuwa chifu huko Mandera, na ndiye aliyewapasha habari wakuu wa serikali kwamba mwanawe hajulikani aliko. Alfajiri ya Aprili 2, 2015 kijana huyo alikuwa miongoni mwa watu waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa siku hiyo, wengi wao wanafunzi.

Ali Salim Gichunge naye alikulia Isiolo, mwana wa mwanajeshi. Januari 15, 2019 alikuwa kiongozi wa kikosi kilichoshambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21. Siku chache kabla ya hapo, vyombo vya nyumba aliyopanga pamoja na mkewe kule Muchatha, Kaunti ya Kiambu, vilikuwa vimetangazwa mtandaoni kwamba vinauzwa, wenyewe wanahama.

Watu wanaokumbuka kuuza vyombo kabla ya kwenda kuua wana akili zao timamu. Hata hivyo, baada ya kila shambulio, kwenye matatu, kwenye ibada na kwenye redio za asubuhi, hukumu huwa ni ile ile: hawa ni wendawazimu. Mikinduri haikuwa na sababu ya kusema tofauti. Ni mji wa soko huko Tigania, kwenye miteremko ya Nyambene, miraa huku na majani chai kule juu, na jina Gichunge ni jina ambalo mtoto yeyote wa Meru amewahi kulisikia darasani. Kumwita mtu kama huyo kichaa ni njia ya haraka ya kumtoa kwenye ukoo. Nawaelewa wanaosema hivyo. Lakini neno hilo lina gharama, na wanaoilipa si magaidi. Inalipwa na yule kijana anayesikia sauti, ambaye mama yake humpeleka hospitalini kila mwezi kudungwa sindano, na ambaye hajawahi kumwinulia mtu kisu.

Wataalamu walipitia njia hiyo hiyo kabla ya kuiacha. Katika miaka ya 1970 wapo waliotafuta ugonjwa ndani ya gaidi: utoto uliovunjika, chuki dhidi ya baba, nafsi isiyokomaa. Mwaka 1981 Martha Crenshaw, msomi wa siasa kutoka Marekani, alieleza kwamba sifa inayojitokeza zaidi kwa magaidi ni ukawaida wao. Marc Sageman, ambaye ni daktari wa akili na aliyewahi kufanya kazi katika shirika la ujasusi la CIA, alichambua maisha ya watu 172 waliohusishwa na mtandao wa al-Qaeda. Kitabu chake kilitoka mwaka 2004. Wengi aliowachunguza walikuwa na elimu, wake na kazi, na walivutwa na marafiki na mashemeji. Ugonjwa wa akili haukuwa njia yao ya kuingilia.

Ukitafakari, sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kundi la siri linahitaji mtu anayefika kwa wakati, anayefunga mdomo, anayefuata maagizo na asiyetiliwa shaka kwenye kizuizi cha polisi. Mtu mwenye skizofrenia isiyotibiwa mara nyingi hayawezi hayo yote. Anasikia amri, ndiyo, lakini si za kamanda. Makundi yenyewe huwachuja watu wa namna hiyo mapema, bila huruma, jinsi mwajiri yeyote mkali anavyochuja.

Pana upande wa pili, na makala itakayouficha itakuwa imedanganya. Emily Corner na Paul Gill, wakati huo watafiti wa London, walichapisha mwaka 2015 ulinganisho kati ya magaidi 119 waliotenda peke yao na wale waliotenda ndani ya makundi. Miongoni mwa wa kwanza, asilimia 31.9 walikuwa na historia ya ugonjwa wa akili. Miongoni mwa wa pili, asilimia 3.4 tu. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa. Lakini lisome polepole. Hata kwa wale wa peke yao, wengi hawakuwa na ugonjwa unaojulikana, na waliokuwa nao, ugonjwa ulikuwa kitu kimoja kati ya vingi: kufutwa kazi, ndoa kuvunjika, hasira ya siku nyingi, kurasa za mtandaoni zilizoipa hasira hiyo jina la adui. Tena ugaidi uliotuumiza sisi Kenya, kuanzia ubalozi wa Marekani mwaka 1998 hadi Westgate mwaka 2013 hadi Garissa na Dusit, ni ugaidi wa makundi. Takwimu ya 3.4 ndiyo iliyo karibu na uzoefu wetu.

Na nini basi huwapeleka? Anneli Botha, wakati huo wa Taasisi ya Masomo ya Usalama iliyoko Afrika Kusini, alihoji watu 95 waliohusishwa na al-Shabaab nchini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Asilimia 65 kati yao walitaja jinsi serikali ilivyopambana na ugaidi kama sababu iliyowasukuma. Mwaka huo huo tuliona msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch na watu kujazwa uwanjani Kasarani. Hasira ya aliyekamatwa bila kosa haitibiki kwa vidonge, na daktari anayejaribu kuipa jina la ugonjwa anaifanyia serikali kazi isiyokuwa yake.

Sasa turudi Tigania, maana hapa ndipo maneno makubwa ya wasomi huingia kwenye chumba kidogo chenye meza, kitanda na foleni nje.

Hospitali za kaunti ndogo nchini kwa kawaida hazina daktari bingwa wa akili. Aliyepo ni tabibu, pengine na muuguzi aliyesomea afya ya akili kama bahati ipo. Rufaa huenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, na kesi zilizoshindikana huishia Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910 na ambayo hadi leo wengi huitaja kwa mzaha usiochekesha. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Mabingwa tulionao ni wachache, na wengi wao wako Nairobi.

Tuseme mama analeta mwanawe wa miaka 22. Hajalala siku tano. Anasema ameitwa na Mungu kuongoza vita, kwamba majirani wametumwa kumpeleleza, kwamba simu yake inamsemesha hata ikiwa imezimwa. Anafanya kazi ya kuchuma na kufunga miraa, na usiku hutafuna alichobakiza. Familia ni ya Kimethodisti tangu babu. Tabibu hatatoka jasho: ataandika saikosi, atauliza juu ya miraa, atampa haloperidoli na kumwambia mama arudi baada ya wiki mbili.

Halafu tuseme ni kijana wa umri huo huo, dalili hizo hizo, vita hiyo hiyo ya Mungu, ila jina lake ni la Kiislamu na baba yake ana duka la nguo Isiolo. Je, tabibu ataandika kile kile? Au kalamu itasita, na mtu wa mapokezi atampigia chifu simu kabla mgonjwa hajafika kwenye dirisha la dawa? Sisemi hili limetokea Mikinduri. Nasema kila anayefanya kazi ya afya katika ukanda huu ajiulize swali hilo akiwa peke yake na alijibu kwa haki. Ugonjwa ni ule ule. Kinachobadilika ni hofu ya anayeutazama.

Miraa yenyewe inachanganya mambo. Ndani yake mna kathinoni, kemikali inayofanana kwa kazi na amfetamini. Ukitafuna kwa kiasi unakesha na kuongea sana. Ukizidisha usiku baada ya usiku, hasa kama una mwelekeo wa ugonjwa, maruerue huja na shaka huja: kuna watu nyuma ya ukuta, kuna gari linanifuata. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika maeneo yanayolima miraa mashariki mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafikia watu zaidi ya 800. Zaidi ya theluthi walikuwa wakitafuna, na dalili zinazokaribia saikosi zilihusiana na utafunaji huo. Mtu wa namna hii anaweza kusema maneno ya kutisha. Akilala siku tatu na kuacha majani, maneno mengi huondoka yenyewe. Na kwa wale wanaotaka kuunganisha kila kitu cha kaskazini na al-Shabaab, kundi hilo hupiga marufuku miraa katika maeneo linayoyatawala. Shamba la Mmeru ni haramu kwao.

Vipi basi tabibu atenganishe imani na ugonjwa? Vitabu vina majina marefu, lakini kazi yenyewe ni ya maswali machache yanayoulizwa kwa utulivu. Nani mwingine anaamini hivi? Umeanza lini? Mwanao amebadilisha marafiki au amewapoteza wote? Anaoga? Anakula? Kazi anaiweza? Saikosi humtenga mtu na kuvuruga siku yake. Sentensi zake hazishikani, na adui yake hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Anayeingizwa itikadi kali kwa kawaida huongezewa watu. Anapata ndugu wapya, ratiba mpya, siri, na hoja zinazofuatana hata kama zinaelekea pabaya. Kuna wachache walio na vyote viwili, na hao ndio wanaohitaji bingwa. Lakini ni wachache.

Watu wa Meru wana mfano wao wa nyumbani ambao ungepaswa kufundishwa vyuoni. Kuna dhehebu la Kavonokia, lenye wafuasi Tharaka na sehemu za Meru, ambao hukataa hospitali na dawa. Serikali imegombana nao mara nyingi juu ya watoto wagonjwa. Mtu anayekataa chanjo kwa kuwa ni Kavonokia anaweza kumponza mtoto wake, na sheria ina haki ya kuingilia, lakini huwezi kumlaza wodi ya akili. Anaamini anachoaminishwa na mama yake, mchungaji wake na majirani zake. Imani inayobebwa na watu wengi, hata iwe ya ajabu au ya hatari, si ugonjwa wa mmoja wao. Tabibu wa Meru anaielewa kanuni hiyo bila kusoma kitabu chochote, kwa sababu anawajua watu wenyewe. Tatizo huja asipowajua.

Norway ilijifunza hayo mbele ya dunia nzima. Julai 22, 2011 Anders Behring Breivik aliua watu 77. Madaktari wawili wa akili waliomchunguza kwanza walisema ana skizofrenia. Alizungumza juu ya jeshi la siri la mashujaa wa Kikristo, akajipa vyeo, akatumia maneno waliyoyaona kuwa ya mtu aliyevurugika. Wengine wakasema ngojeni: maneno hayo yametapakaa kwenye kurasa za watu wa mrengo mkali wa kulia Ulaya, kila siku, na wanaoyaandika wanakwenda kazini Jumatatu. Mahakama ikaagiza uchunguzi wa pili, na Aprili 2012 madaktari wengine wawili wakasema hakuwa na saikosi. Agosti mwaka huo mahakama ilikata kwamba ana akili timamu na ikamfunga. Yeye mwenyewe alikuwa amepigana asiitwe mgonjwa. Alitaka itikadi yake ichukuliwe kwa uzito. Inakera kukubaliana naye katika hilo, lakini alikuwa na hoja: kumwita kichaa kungewafunika wote waliomlisha maneno.

Kwetu, jambo lililokaribia hilo ni Shakahola, ambako waumini wengi walifunga hadi kufa. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi, na idadi ya miili ikapita 400. Januari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, na katika kesi ya mauaji ya watoto 191 iliyofunguliwa Malindi, mahakama iliagiza washukiwa wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka. Februari Mackenzie na wenzake wakakana. Mshukiwa mmoja alionekana hana hali ya kiakili ya kusimama kizimbani. Mmoja, katika kundi la watu zaidi ya 30 ambao nchi nzima ilikuwa imewaita wazimu tangu siku ya kwanza.

Kupimwa huko hakukuwa upendeleo. Kenya, anayeshtakiwa kwa mauaji hupimwa akili kabla ya kusomewa shtaka. Daktari anaulizwa mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. La kwanza: je, leo mtu huyu anaelewa kinachoendelea mahakamani? La pili: siku ya tendo, alijua anachofanya na kwamba ni kosa? Mtu anaweza kuwa mgonjwa leo na alikuwa mzima siku ile, au kinyume chake. Sheria yetu ya jinai, iliyorithiwa kutoka Uingereza, huanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye anayethibitisha. Akithibitisha, kwa miaka mingi hukumu ilikuwa "ana hatia lakini ni mwendawazimu", halafu anazuiliwa bila tarehe, akingoja hiari ya Rais. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba kumweka mgonjwa gerezani kwa namna hiyo kunavunja Katiba, kwamba mahali pake ni hospitali. Gereza nalo huzalisha ugonjwa. Rashid Charles Mberesero, Mtanzania aliyefungwa maisha Julai 2019 kwa mchango wake katika shambulio la Garissa, alikutwa amefariki katika gereza la Kamiti Novemba 2020, na wakuu wa magereza wakasema alijiua. Alivyofika pale kiakili, na aliyemtazama katika miezi hiyo, ni maswali ambayo hayana wapiga kura.

Linalowasumbua matabibu zaidi ni siri ya mgonjwa. Marekebisho ya mwaka 2014 yaliingiza katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi kifungu cha 12D. Anayekumbatia au kueneza itikadi kali kwa lengo la kuwezesha vurugu anaweza kufungwa hadi miaka 30. Sasa mweke mbele yako kijana mwenye saikosi anayetamka kwamba yeye ni mujahidina. Amekumbatia, au ameugua? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda habari za mgonjwa, ikiacha milango michache kama idhini yake mwenyewe na amri ya mahakama. Kati ya sheria hizi mbili anakaa tabibu wa miaka 26 mwenye mkataba wa kaunti unaoisha Juni.

Maoni yangu ni haya. Kijana akitaja mtu, mahali na silaha, hiyo si siri tena, na tabibu aseme kwa mkubwa wake na kwa polisi siku hiyo hiyo, kama ambavyo angesema kuhusu mume anayeapa kumuua mkewe. Akisema maneno ya vita bila mpango, apewe matibabu na tarehe ya kurudi. Uingereza mwaka 2015 ilizipa taasisi za umma, zikiwemo za afya, wajibu wa kisheria wa kusaidia kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na wapinzani wake, wakiwemo madaktari, wameulalamikia tangu wakati huo kwamba unawafanya Waislamu waogope kusema ya moyoni kliniki. Mgonjwa anayeogopa kliniki haji kliniki. Sioni usalama unaopatikana hapo.

Lakini nimeshatumia nafasi nyingi kwa watu ambao Mikinduri huenda isiwaone kamwe. Ugaidi unaofika hapa kwa miguu yake ni wa aina nyingine, na ndio usioulizwa.

Wana wa Meru wametafuta riziki kaskazini miaka mingi. Wamefundisha shule za Wajir, Mandera na Garissa, wamejenga, wamechimba mawe, wamepeleka miraa. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na abiria 28 wakauawa. Wengi walikuwa walimu wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, Desemba 2, wachimba mawe 36 waliuawa usiku kwenye timbo la Koromey karibu na mji wa Mandera. Walimu wakapiga kambi Nairobi wakitaka kuhamishwa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikaondoa tena wasio wenyeji. Kila tukio la namna hiyo huacha waliokufa, ambao huhesabiwa, na waliorudi, ambao hawahesabiwi: aliyeshuka kituo kimoja kabla, aliyelala chumba cha pili, aliyetambua miili.

Huyu aliyerudi hasemi ana ugonjwa wa akili. Anakuja na kichwa, na tumbo, na moyo unaokwenda mbio. Anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, anapimwa presha, anaambiwa apunguze mawazo. Probox ya miraa ikipasua gurudumu sokoni anajikuta chini ya meza, na vijana wanacheka. Hataki kupanda basi. Haketi akiipa mlango mgongo. Usiku anaota, mchana anakunywa, na baada ya mwaka mji mzima unajua kwamba pombe imemmaliza, au amerogwa na wale waliomwonea wivu wa mshahara wa kaskazini. Kiwewe kinavaa nguo zote hizo. Mke wake angeweza kukieleza vizuri kuliko mtu yeyote, kama angeulizwa.

Ukubwa wa jambo hili tumeujua tangu zamani, na kutoka kwa watu wetu wenyewe. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 kuua watu 213 Nairobi, Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883. Mwezi mmoja baada ya mlipuko, asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na za kiwewe. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004, na ndani yake mna orodha ya waliokuwa katika hatari zaidi: waliojeruhiwa, waliofiwa, walioingia kwenye shida ya pesa. Na waliokosa rafiki wa kumweleza. Hilo la mwisho halihitaji bajeti ya kaunti.

Linganisha basi. Miongoni mwa magaidi wa makundi, asilimia 3.4 walikuwa na historia ya ugonjwa wa akili. Miongoni mwa Wakenya hao walioguswa na bomu moja, asilimia 35 walionyesha dalili. Najua vipimo si vya aina moja na mtaalamu wa takwimu atanikemea. Lakini anayetaka kujua ugaidi na ugonjwa wa akili vinakutana wapi, aanzie kwa waliopigwa.

Tiba ipo, na sehemu kubwa yake ni mazungumzo yenye mpangilio. Dawa za mfadhaiko husaidia wengine. Vidonge vya usingizi vya diazepamu, ambavyo hutolewa kwa urahisi mno, si tiba ya kiwewe, na huleta utumwa wao. Nairobi, watafiti walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano na wanawake 421 waliopitia maisha magumu, wengi wao wakiwa wamedhulumiwa na wanaume. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani waliopewa mafunzo mafupi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanawake hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu wa afya ya jamii wapo Tigania, wanazijua nyumba kwa majina, na tayari huuliza juu ya vyoo na chanjo. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa kaunti jukumu la huduma hizi. Sijaona sababu ya vikao vitano kushindikana Mikinduri ikiwa viliwezekana Nairobi.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo halingoji mafunzo. Mtu mzima akija kwa mara ya tatu na kichwa kisicho na sababu, tabibu amuulize amewahi kufanya kazi wapi, na kama aliona mtu akiuawa. Kisha aandike jibu kwenye kadi, pamoja na mahali na mwaka. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inataja mfuko wa fidia kwa waathiriwa, na yeyote atakayedai chochote, kwa mfuko huo au mbele ya hakimu, ataombwa karatasi ya daktari inayoonyesha aliugua lini na kwa sababu gani. Mchimba mawe aliyetoka Mandera Desemba 2014 anaweza kuwa ametibiwa miaka kumi kwa vidonda vya tumbo. Kadi yake inayo kila kitu isipokuwa Koromey.